Laini Moja, Pawa Saplai Kumi na Mbili: Hotuba kwa Mafundi na Wanafunzi wa Elektroniki

Ndugu mafundi, walimu na wanafunzi,

Mwenye pawa saplai moja mezani, yaani kifaa cha kutoa umeme kwa volti unazozichagua, hana haja ya kunisikiliza. Atageuza kitufe kwa mkono, atasoma tarakimu kwenye kioo, ataandika daftarini na kazi itakwenda. Zikifika tatu, bado atavumilia. Lakini zikifika kumi na mbili, kila moja ikilisha mzigo wake, na volti zikatakiwa kupanda hatua kwa hatua usiku kucha huku mkondo ukirekodiwa kila sekunde, mkono na daftari havifui dafu, na hapo ndipo tunapoiita kompyuta. Ninachotaka kukieleza leo ni kwamba, pawa saplai hizo zote zinapotundikwa kwenye laini moja ya siriali, yaani waya zinazopitisha ujumbe biti moja baada ya nyingine, ugumu haumo katika kuzipa amri. Kuamuru ni rahisi mno. Mistari mitano ya programu inatosha. Ugumu umo katika kupanga nani aongee na lini, na katika kujua kwa hakika kwamba jibu ulilolisikia ni la yule uliyemuuliza.

Kwanza, kwa nini laini iwe moja? Kiwango cha RS-232, ambacho kilianza mwaka 1960, kilibuniwa kwa ajili ya pande mbili tu zinazotazamana: huyu anatuma, yule anapokea. Ukitaka kuendesha vifaa 12 kwa njia hiyo, unahitaji matundu 12 kwenye kompyuta na kebo 12, kisha utafika asubuhi moja ukute mfumo wa kompyuta umeyabadilishia matundu majina, na kifaa cha nne kimekuwa cha saba. Maabara kubwa zilikuwa na njia nyingine, ile ya kiwango cha IEEE 488 cha mwaka 1975, inayobeba vifaa visivyozidi 15 kwa kebo nene ambayo urefu wake wote hauzidi mita 20. Ni njia imara na bado inatumika, ila kebo zake ni ghali na nzito. RS-485, iliyotoka mwaka 1983, ilileta kitu chepesi zaidi: jozi moja ya waya zilizosokotwa, vifaa 32 vya mzigo wa kawaida (mzigo ambao mpokeaji mmoja anauweka kwenye laini), na umbali unaoweza kufika mita 1,200 kasi ikiwa ndogo. Chipu za siku hizi zenye mzigo wa thumuni zinaruhusu vifaa 256 kwenye jozi hiyo hiyo. Ndiyo maana pawa saplai nyingi za kuprogramu zina tundu la RS-485 mgongoni, au zina mpango ambao kifaa cha kwanza kinaongea na kompyuta kwa USB au RS-232, kisha kinawapelekea wenzake maneno kwa RS-485.

Tuzitazame waya hizo kwa karibu, maana makosa mengi huanzia hapo kabla hata programu haijaandikwa. Ujumbe haupimwi kwa volti ya waya mmoja dhidi ya ardhi, bali kwa tofauti kati ya waya mbili. Tofauti ikizidi milivolti 200 upande mmoja, mpokeaji anasoma biti moja. Ikizidi milivolti 200 upande wa pili, anasoma biti nyingine. Katikati ya hapo hakuna ahadi. Kelele inayoingia kutoka nje huzigusa waya zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo tofauti haibadiliki sana, na huo ndio uzuri wake. Hata hivyo, watu huambiwa kwamba waya mbili zinatosha, nami nasema hazitoshi. Mpokeaji anavumilia volti kuanzia hasi 7 hadi chanya 12 dhidi ya marejeo yake mwenyewe (ile sifuri anayopimia volti), wala si zaidi, na pawa saplai mbili zilizochomekwa kwenye soketi mbali mbali zinaweza kuwa na marejeo yaliyoachana kuliko unavyodhani. Weka waya wa tatu wa marejeo. Kuhusu herufi A na B zilizoandikwa kwenye konekta, usiziamini: kiwango chenyewe kinazitaja kwa namna moja na watengenezaji wengi wa chipu kwa namna iliyo kinyume, hivyo ukiona kifaa kimoja kimekuwa bubu kati ya wenzake wanaojibu vizuri, geuza waya zake kabla ya kugeuza kitu kingine chochote. Kuzigeuza hakuunguzi kitu.

Waya zipite kutoka kifaa hiki hadi kinachofuata, mithili ya uzi kwenye shanga, wala zisitawanyike kutoka kituo kimoja kama miale. Hilo linafahamika. Lisilosemwa wazi ni habari ya rezista za omu 120 zinazowekwa kwenye ncha mbili za laini. Vitabu vinazisisitiza, na kwa laini ya mita mia kadhaa yenye kasi kubwa viko sahihi kabisa, kwa sababu mawimbi hufika mwisho wa waya na kurudi kama mwangwi. Lakini pawa saplai zilizopangana kwenye kabati moja, kwa kebo ya mita 5 na kasi ya biti 9600 kwa sekunde, ziko katika hali tofauti. Wimbi linachukua takriban nanosekunde 25 kufika mwisho wa kebo hiyo, ilhali biti moja inadumu mikrosekunde 104. Mwangwi unakuwa umekufa zamani kabla mpokeaji hajaisoma hiyo biti. Katika hali hiyo rezista hizo zinaweza hata kuleta shida, kwani wakati hakuna anayeongea zinaivuta tofauti ya waya mbili kuelekea sifuri, pale pale penye shaka, na mpokeaji anaanza kusikia herufi ambazo hakuna aliyezituma.

Dawa yake ni rezista mbili za kuegemeza, moja ikivuta waya wa juu kuelekea volti 5 na nyingine ikivuta waya wa chini kuelekea marejeo. Hesabu yake ni fupi. Rezista mbili za omu 120 zikiwa sambamba zinatoa omu 60. Ili kupata milivolti 200 juu ya omu 60 unahitaji mkondo wa miliampea 3.3, kwa volti 5, ukinzani wote uwe omu 1,500, yaani kila rezista ya kuegemeza iwe omu 720 au pungufu. Mimi huweka omu 560, zinazonipa milivolti kama 250. Chipu mpya zimejengwa ili zisome ukimya kuwa ukimya bila msaada huo, lakini ndani ya pawa saplai yako hujui ni chipu gani imo, na ikiwa ina umri wa miaka 20 usitegemee miujiza.

Sasa tuingie kwenye lugha yenyewe. Mojawapo inayoonekana sana ni Modbus, iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979. Kanuni yake ni ya kikao chenye mwenyekiti mmoja: kompyuta peke yake ndiyo inayoanza kuongea, na kifaa hakifungui mdomo mpaka kiitwe kwa namba yake. Namba hizo, tunazoziita anwani, huanzia 1 hadi 247, na 0 ni ya kuwaita wote. Chukua swali hili la baiti nane, zilizoandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16: 01 03 00 00 00 02 C4 0B. Ya kwanza inamwita kifaa namba 1. 03 ni amri ya kusoma rejista, yaani visanduku vya kumbukumbu vyenye namba. Mbili zinazofuata zinasema anzia rejista sifuri. Mbili nyingine zinasema soma rejista mbili. Na mbili za mwisho ni namba ya uhakiki, inayokokotolewa kutokana na zote zilizotangulia. Tuseme kifaa hicho kimeweka volti kwenye rejista ya kwanza na ampea kwenye ya pili, kwa hesabu ya sehemu za mia. Jibu lake litaanza 01 03 04 04 B0 00 FA, kisha namba yake ya uhakiki. Hizo 04 B0 ni 1200, yaani volti 12.00, na 00 FA ni 250, yaani ampea 2.50. Ninawaomba wanafunzi walisome jibu kama hili kwa macho yao angalau mara moja, bila maktaba ya programu kuwasaidia, kwa sababu atakayewahi kufanya hivyo hatababaika siku maktaba itakapomwambia tu kwamba “kuna hitilafu”.

Nyingine ni lugha za maandishi. SCPI, iliyotoka mwaka 1990, ndiyo maarufu: unatuma VOLT 12.0 kuweka volti, OUTP ON kuwasha toleo (yaani umeme unaotoka kwenda kwenye mzigo), MEAS:CURR? kuuliza mkondo. Inasomeka vizuri na inafundishika upesi. Walakini, SCPI ni msamiati tu. Haikuweka utaratibu wa anwani kwa vifaa vinavyogawana waya mmoja wa siriali. Kila mtengenezaji akajitungia wake. Wapo wanaotaka utangulize namba mbele ya kila amri, na wapo wanaotaka uchague kifaa kwanza, kisha kila amri inayofuata iwe yake mpaka utakapochagua kingine. Njia hii ya pili inanitia wasiwasi hadi leo, kwa sababu mara nyingi jibu lake ni neno OK au namba tupu, lisilobeba jina la aliyejibu.

Wasiwasi huo una chanzo. Nilikuwa nikiendesha pawa saplai 8 za aina hiyo, kila moja ikilisha bodi moja ya majaribio. Programu yangu iliuliza ya kwanza, ikangoja jibu kwa milisekunde 50, ikapumzika kidogo, ikauliza ya pili, na kuendelea hivyo mpaka ya nane. Kwa siku mbili mambo yalikwenda salama. Siku ya tatu rekodi ikaonyesha kwamba toleo la saba limeanguka hadi volti sifuri. Nikaifungua bodi ya saba, nikaikagua rezista kwa rezista, nikakuta ni nzima. Nikabadilisha kebo. Nikazima na kuwasha. Ilinichukua nusu siku kugundua kwamba iliyoanguka ni ya sita, ambayo nilikuwa nimeipita mara kadhaa huku kioo chake kikinionyesha sifuri waziwazi, nami macho yangu yakiwa kwenye rekodi.

Kilichotokea ni hiki. Adapta za USB za siriali huzikusanya baiti zilizopokelewa na kuzishikilia kidogo kabla ya kuzikabidhi kwa kompyuta, na kwa chipu moja iliyoenea sana muda huo ni milisekunde 16 usipoubadilisha. Jibu la sita lilikuwa limefika kwenye waya ndani ya muda, lakini likakabidhiwa baada ya zile milisekunde 50 kwisha. Programu ilikwisha kukata tamaa na kwenda kwa wa saba. Ikalikuta jibu la sita mlangoni, ikalichukua na kuliandika kuwa la saba. Jibu la saba lilipofika likachukuliwa kuwa la nane, na la nane likawa la kwanza. Kuteleza huko kwa hatua moja hakukujirekebisha, kwa kuwa kila swali lilikuta jibu linalolingoja, na programu iliridhika kabisa kwamba vifaa vyote vinajibu.

Tangu siku hiyo kuna mambo ambayo siyaachi. Kabla ya kila swali naimwaga akiba ya baiti zilizopokelewa, ili kiporo kisihesabiwe kuwa jibu jipya. Muda wa adapta naushusha hadi milisekunde 1. Lugha ikiruhusu, naikagua anwani iliyomo ndani ya jibu, na isiporuhusu nauliza na kitu kinachomtambulisha mjibu. Na swali likikosa jibu, sikimbilii kifaa kinachofuata. Nasubiri kwanza laini inyamaze, maana aliyechelewa anaweza kuanza kuongea wakati ule ule ninapomwita mwingine, na wawili wakiongea pamoja kwenye waya mmoja haupatikani ujumbe wa yeyote.

Kuna swali ambalo huulizwa kila mara: je, nikiongeza kasi ya laini, si mambo yatakwenda upesi? Tufanye hesabu. Swali la baiti 8 na jibu la baiti 9 ni baiti 17. Kwa kasi ya 9600, na biti 10 kwa kila baiti, zinachukua karibu milisekunde 18. Ongeza ukimya ambao Modbus inautaka kati ya ujumbe na ujumbe, karibu milisekunde 4 kila upande. Ongeza muda wa kifaa kufikiri, tuseme milisekunde 15. Jumla ni kama 40, na kwa vifaa 12 ni nusu sekunde hivi. Sasa pandisha kasi hadi 115200, yaani mara 12. Baiti 17 zinapita kwa milisekunde moja na nusu, lakini ukimya unabaki milisekunde 1.75 kila upande, na kifaa hakifikiri haraka zaidi kwa sababu tu unaongea haraka. Jumla ni 20 kwa kila kifaa. Umeongeza kasi mara 12 na umepata faida mara mbili tu, na juu ya hayo umeifanya laini iwe nyepesi zaidi kukosea. Ukitaka kuokoa muda, soma rejista zote unazozihitaji kwa swali moja badala ya maswali matatu. Faida yake ni kubwa kuliko kasi yoyote.

Upande wa programu nina neno moja la kusisitiza: tundu la siriali liwe na mmiliki mmoja. Sehemu moja ya programu ndiyo ilishike, na sehemu nyingine zote, zile za kuchora grafu, za kurekodi, za kupokea maagizo ya mtumiaji, zipeleke maombi yao kwenye foleni yake. Nimeona programu ambazo dirisha la kuonyesha na dirisha la kuamuru ziliandika kwenye tundu lile lile kila moja kwa wakati wake, na baiti za amri mbili zikachanganyika. Amri za kuzima zipewe haki ya kuruka foleni. Nyingine zingoje.

Katika kuwasha, mpangilio una maana. Weka kwanza kikomo cha volti ya kupita kiasi, kisha kikomo cha mkondo, kisha volti yenyewe, na mwisho ndipo uwashe toleo. Baada ya kila kimoja, soma tena kilichoandikwa. Neno OK linakuambia kwamba amri imepokelewa, halikuambii kwamba kwenye vituo vya kutolea umeme mna volti 12. Anwani 0 ya kuwaita wote ni nzuri kwa kuzima kwa pamoja, kwa sababu vifaa vyote vinaisikia kwa wakati mmoja, lakini hakuna anayeijibu. Ukiitumia, wapitie mmoja mmoja na kuwauliza kama wamezima kweli.

Jambo jingine ni la kificho. Baadhi ya pawa saplai huiandika kila volti mpya kwenye kumbukumbu ya kudumu, ili zikizimwa na kuwashwa ziikumbuke. Kumbukumbu za aina hiyo mara nyingi hukadiriwa kuandikwa mara 100,000. Programu inayopandisha volti kwa hatua ndogo ndogo, hatua 10 kila sekunde, inakimaliza kiwango hicho kabla ya saa tatu kutimia. Tafuteni kwenye mwongozo wa kifaa rejista ya muda ambayo haihifadhi, na mkikosa, punguzeni hatua.

Wanaounganisha pawa saplai mbili kwa mfululizo ili kupata volti kubwa zaidi, nawaomba wapime kwanza kama tundu la siriali limetengwa na toleo. Kama halikutengwa, waya wa tatu niliousifu hapo mwanzo utaunganisha hasi ya kifaa cha juu na hasi ya kifaa cha chini; na kwa kuwa hasi ya juu imeungwa kwenye chanya ya chini, mkondo wote wa kifaa cha chini utapita kwenye waya mwembamba wa mawasiliano. Hapo weka kitenganishi kwa kila kifaa, ama usiziunganishe.

Kisha kuna siku ambayo kompyuta itaganda. Vifaa havitajua, vitaendelea kutoa volti ya mwisho vilivyoambiwa, kwa utiifu kamili, usiku kucha. Pawa saplai nyingi zina mlinzi wa ndani anayezima toleo pakipita sekunde kadhaa bila kusikia neno, na mara nyingi hutoka kiwandani akiwa amezimwa. Mwasheni, na muda wake uzidi mzunguko mzima wa maswali pamoja na majaribio ya kurudia, asije akazima kazi halali kwa sababu kifaa kimoja kilichelewa.

Naye mlinzi huyo asichukuliwe kuwa ndiye kitufe cha dharura. Kitufe chekundu kiwe na waya zake mwenyewe hadi kwenye vituo vya kuzuia (vinavyolizima toleo) vilivyo mgongoni mwa kila pawa saplai, au hadi kwenye rilei inayokata umeme wa kabati zima, bila kupita kwenye kompyuta wala kwenye jozi ya RS-485. Na kitufe kikishainuliwa tena, programu isiwashe toleo lolote kwa hiari yake: isome hali ya vifaa vyote 12, iionyeshe kwenye kioo, na imngoje mtu aliyesimama mbele ya kabati hilo.